Risha ya Mbeyu

Alhamisi, kibandani kwangu Maweni,
kati ya fundi saa na muuza viberiti vya gesi,
aliingia Mbeyu, gitaa kalifunga kwa leso,
leso yenyewe imechanika katikati ya jina lake.

"Nataka risha. Ya kwangu imepotea."

Huku Malindi twasema risha
japo hakuna ndege aliyenyonyolewa:
kijiplastiki tu, pembe tatu zilizobutuka,
kidogo kuliko ukucha wa dole gumba.
Nikamwaga kopo mezani.

Wenzangu watakuuliza: wapiga nini?
Chakacha? Benga? Za kanisani?
Mimi huuliza: samaki wampara vipi?

Akacheka. Kisha akanionyesha, kisu hakipo,
mkono ukitoka mkiani kwenda kichwani,
mfupi, mkali, kiwiko hakiinuki.
Nikaviona na vidole. Chumvi ya Gongoni
imevipasua kama udongo wa kiangazi.
Miaka minne, akasema, na reki na buti za mpira.

Nikampa nyembamba.
Ikalia tatata, panzi ndani ya chupa.
Nyuzi zilisikika, ndiyo, lakini kwa mbali,
kama mtu anayedai deni lake kwa haya.

Nikampa nene. Uzi wa kwanza ukakatika.
Tukautazama ukijikunja.
"Huo nitalipa." Nikamwambia aache.

Nikampa ya pembe ya ng'ombe, niliyoichonga mwenyewe,
ambayo siwapi watu ovyo.
Akainusa. "Yanuka nywele zilizoungua."
Kweli. Pembe haisahau tupa.
Ikamponyoka mara mbili, ya pili ikaingia
ndani ya tumbo la gitaa, tukalitikisa
kichwa chini miguu juu, kama mtoto aliyemeza senti.

Alasiri ikaadhiniwa. Nikaenda, nikarudi,
yuko palepale, anazijaribu zote upya
bila kuniangalia.

Halafu akatoa mfukoni kifuniko cha njano,
cha mtungi wa mafuta ya kupikia.
"Hiki hakikatiki?"

Nilitaka kusema hakikatiki.
Miaka ishirini na sita nauza risha,
kisha nije nikate kifuniko.
Nikakata. Nikapiga msasa.
Ukingoni nikaviacha vile vijino vyake
vidole vipate pa kung'ang'ania.

Akapiga.
Sitaeleza. Fundi saa alizima redio,
na yule haizimi hata kwa tangazo la tanzia.

Jioni nilitoa yangu, nyuma ya kitambulisho:
nyeusi, nene, aliyoniachia mwalimu wangu Bwanadi
mwaka wa ile mvua iliyochukua daraja.
Nimeipigia harusi. Nimewapigia Wataliano hotelini
wakila kamba na kunitupia sarafu za kwao.
Watu husema: ukifumba macho, ni Bwanadi huyu.
Nami hufurahi. Hata leo ningefurahi.

Lakini Bwanadi alikuwa na kiganja kama sinia,
na samaki alimpara kwa kusukuma,
magamba yakiruka mpaka kwa jirani.

Nikaingia jikoni. Palikuwa na tafi mmoja.
Nikashika kisu, nikajitazama mkono
kama unavyomtazama mgeni aliyelala kwako.

Navuta.

Miaka yote hii, navuta.

Ile nyeusi sijaitupa. Imerudi nyuma ya kitambulisho,
mahali pake. Ila usiku sikulala vizuri,
na asubuhi mke wangu kasimama mlangoni
kashika kopo la sukari, li wazi,
sisimizi wameshapata habari,
aniuliza kifuniko kimekwenda wapi.